Mwangwi Usiozidi Sauti

Mhandisi Mseti alilifungua sanduku lake taratibu, kama padri afunguavyo tabenakulo. Ndani, juu ya mahameli nyekundu, vililala vyuma vitatu vidogo, kila kimoja na ukubwa wa kidole gumba, vikimeta kwa rangi ya dhahabu. Upande wa ndani wa kifuniko palibandikwa cheti chenye mhuri wa kiwanda cha ng'ambo na sahihi ya mtu ambaye hakuna hata mmoja kibandani mle aliyewahi kumwona. Mzee Burito, aliyesimama mlangoni na kofia mkononi, alikohoa kidogo kwa heshima.

"Hivi," alisema Mhandisi, "ndivyo vitakavyotuambia ukweli."

Wankyo Masatu, binti fundi wa simu kutoka Musoma, alikuwa amechuchumaa kando ya mashine akifuta vumbi. Alivitazama vile vyuma kwa jicho la mtu anayejua bei ya jasho: ukingo usio na hata mkwaruzo, nyuzi za parafujo zilizofuatana kama mistari ya daftari. Moyo wake ulivisifu kabla haujapata nafasi ya kuvionea wivu.

Ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka 1974. Kibanda kile cha mabati kilijengwa chini ya kilima, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Butiama, na juu ya kilima ulisimama mlingoti mpya wenye antena. Kati ya kibanda na mlingoti ilipanda kebo nene, mita mia mbili, iliyoungwa vipande vitano. Kazi ikikamilika, mtu angeweza kuinua simu pale na kuzungumza na Bunda, na kutoka Bunda sauti yake ikaendelea hadi Musoma. Wanakijiji waliingoja simu hiyo kwa sababu waliyoijua vizuri mno. Masika yaliyopita, mganga wa zahanati alimtuma mtu na baiskeli aende Bunda kuita gari la wagonjwa. Gari lilipofika, aliyebebwa hakuwa mgonjwa tena. Alikuwa mkwe wa Mzee Burito, na mtoto wake tumboni.

Lakini simu haikuwa na sauti safi, ilikoroma na kukatika. Ndiyo sababu Shirika la simu likamleta Mhandisi Mseti na mashine yake kutoka Dar es Salaam. Mashine ile ilituma ishara ndani ya kebo, kisha ikasikiliza kinachorudi. Kebo nzima hairudishi kitu. Kebo iliyopondeka au kuingia maji hurudisha mwangwi, na mwangwi huo huonekana kwenye kioo cha mviringo kama kitone cha kijani: kikitulia katikati ya duara, hakuna kinachorudi, kikikimbilia ukingoni, kila kilichotumwa kimerudi.

Ila mashine haizaliwi ikijua katikati ni wapi. Hufundishwa, na walimu wake ndio vile vyuma vitatu. Cha kwanza, kizibo, hurudisha kila kitu kikiwa kimegeuzwa juu chini. Cha pili, uwazi, nacho hurudisha kila kitu, lakini bila kukigeuza. Cha tatu, kinachoitwa mzigo, humeza yote, kisirudishe hata chembe. Mashine ikishawajua hao watatu, ndipo hupewa kebo iipime. Ikifundishwa vibaya, itasema uongo kwa moyo mweupe kabisa.

Mhandisi alifunga kimoja baada ya kingine, akizungusha vifundo vya mashine mpaka kitone kikakaa anapotaka. Kisha akaifunga kebo. Kitone kiliruka, kikasimama mbali na katikati, theluthi ya njia kuelekea ukingoni, kikabaki hapo kikitetemeka.

"Imeharibika," alisema.

"Sehemu gani, Ndugu Mhandisi?" aliuliza Wankyo.

"Yote. Mwangwi wa namna hii si wa sehemu moja. Labda ilikunjwa wakati wa kuipandisha. Labda ilikanyagwa."

Mzee Burito aliingia hatua moja ndani. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa wanakijiji waliojitolea kuipandisha kebo hiyo, watu sitini, siku nne, kwenye mawe ambayo hata mbuzi huyapanda kwa kusitasita.

"Haikukanyagwa," alisema. "Tulikuwaga tunaibeba begani kama mgonjwa. Mtu akichoka, anapokezwa kabla hajaishusha. Hiyo kebo haijagusa chini mpaka tumeifikisha."

"Mzee wangu, sikusema hamkufanya kazi. Nimesema kebo imeharibika." Mhandisi alivua miwani, akaifuta. "Ijumaa nitatuma ripoti. Itaagizwa kebo nyingine, na safari hii itapandishwa na mafundi wa mkataba."

"Itachukua muda gani?"

"Mwaka. Pengine zaidi."

Mzee Burito aliivaa kofia yake, akaivua tena. Nje, wanaume watano waliokuwa wamekaa juu ya mawe waligeuza vichwa, maana kibanda cha mabati hakina siri.

Ndipo Wankyo alipovuta mfuko wake wa turubai. Ndani yake mlikuwa na kisanduku cha mninga alichochongewa na baba yake, seremala wa Mwisenge, na ndani ya kisanduku, juu ya pamba ya Bunda isiyochambuliwa vizuri, vililala vyuma vingine vitatu. Hivi havikumeta. Vilikuwa na rangi ya shaba iliyoshikwa sana.

Alikuwa amevitengeneza mwenyewe, kwa miaka miwili, katika karakana ya Musoma. Seti ya Shirika ya kanda nzima ilikaa Mwanza, na ilifika Musoma mara moja kwa mwaka kama askofu. Siku nyingine zote mafundi walikisia. Wankyo alichoka kukisia. Aliokota shaba kutoka kwenye kipande cha mhimili wa boti iliyotupwa bandarini, akaichonga kwa tupa ya chuma jioni baada ya kazi, akaisugua kwa majivu. Kizibo kilimchukua mwezi, uwazi miezi mitatu. Mzigo aliuvunja na kuuunda upya mara kumi na moja. Hakuna aliyemwagiza, na hakuna aliyemshukuru. Wenzake karakanani waliviita "heleni za Wankyo," wakacheka, kisha wakawa wanaviazima kimyakimya.

"Ndugu Mhandisi," alisema, "naomba tuipime tena kwa hivi."

Mseti alivichukua, akavigeuzageuza chini ya taa. Hakuwa mtu wa dharau. Alikuwa mwana wa mchunga ng'ombe wa Tarime, na miaka sita ya masomo katika nchi ya baridi ilikuwa imemfundisha jambo moja kwa uchungu: kwamba mtu wa kwao akisema "nadhani" huchekwa, na akionyesha mhuri husikilizwa. Tangu hapo hakutembea bila mhuri.

"Ni kazi safi ya mikono," alisema. "Nani amevithibitisha?"

"Mimi."

"Hapo ndipo penye shida, ndugu yangu. Mtu hawi shahidi wa kesi yake mwenyewe."

"Ni kweli. Lakini kesi haijasikilizwa bado."

Mhandisi alimwachia nafasi mbele ya mashine. Wankyo alifunga vyuma vyake, akazungusha vifundo, akaiunga kebo. Kitone cha kijani kilizunguka, kikatua karibu kabisa na katikati, kama ndege anayerudi kiotani.

Mzee Burito hakujua kusoma kioo kile, lakini alijua kusoma nyuso. "Imesemaje?" aliuliza.

"Imesema tofauti," alijibu Wankyo.

"Kebo moja, majibu mawili," alisema Mseti. "Seti moja kati ya hizi inadanganya. Na mimi ndiye mwenye cheti."

"Nipe hadi Alhamisi. Niende na seti zote mbili karakanani Musoma, nizishindanishe."

"Kwa kutumia nini? Hivi ndivyo vinavyopima. Kipimo utakipima kwa kipimo gani?"

Wankyo alivirudisha vyuma vyake kisandukuni. "Nitajua nikifika," alisema.

Mhandisi alifunga sanduku lake la mahameli. "Alhamisi asubuhi," alisema. "Na nitakuwapo."

*

Katika Landrova iliyowarudisha Musoma, Wankyo alikipakata kisanduku chake magotini. Alikuwa ameingia kibandani akiwa na hakika. Alitoka akiwa na swali, na swali lilimchoma kuliko dharau yoyote. Je, aliamini vyuma vyake kwa sababu ni vya kweli, au kwa sababu ni vyake? Mama yeyote humwona mwanawe mzuri. Kama mzigo alioutengeneza ulikuwa mbovu, basi kwa miaka miwili mafundi wa Musoma walikuwa wakifundishwa uongo na mikono yake, na kitone kilichotua katikati kule Butiama kilikuwa kimembembeleza tu. Aibu hiyo ingekuwa yake peke yake. Lakini akinyamaza na cheti kikawa ndicho kibovu, mwaka mzima ungepita, na masika mengine juu yake.

Jumatano asubuhi alikwenda kazini kwa njia ya ufukweni, kati ya majabali makubwa yaliyopangana kama mifugo iliyolala. Wanawake wawili walikuwa wakifua. Mmoja alimwita mwenzake aliyekuwa nyuma ya jabali, "Esta wee!" na majabali yakajibu, "Esta wee," kwa sauti ndogo, iliyochakaa. Wankyo alisimama. Mwanamke aliita tena, kwa nguvu zaidi, na jibu likaja tena, dogo kuliko mwito.

Aliondoka pale karibu akimbie.

Mhandisi alipofika karakanani Alhamisi, alikuta juu ya meza kipande cha kebo mpya, mita tatu, kisichokuwa na kiungo hata kimoja. Mwisho wake ulikuwa umezibwa kwa bamba la shaba lililochomelewa kwa risasi pande zote.

"Hiki si changu wala si chako," alisema Wankyo. "Hakuna aliyekipa cheti. Kazi yake ni moja: kila nitakachokituma lazima kirudi, maana hakina pa kutokea. Kinaweza kurudi kimepungua kidogo njiani. Lakini hakiwezi kurudi kimeongezeka. Mwangwi hauzidi sauti iliyouzaa. Popote, Ndugu Mhandisi, hata ng'ambo."

Mseti alivuta stuli, akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu wakutane, alitabasamu kama mwanafunzi. "Endelea."

Walianza na mambo madogo. Wankyo alikifunga kizibo cha Mhandisi, akaweka alama kwenye kioo mahali kitone kiliposimama, akakifungua, akakifunga tena, mara kumi. Mara zote kumi kitone kilirudi palepale, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Alifanya vivyo hivyo kwa uwazi. Palepale. Kisha akakifunga kizibo chake mwenyewe. Mara ya kwanza kitone kilikuwa sawa, mara ya pili kikasogea unywele mmoja, mara ya tano nywele mbili. Uwazi wake ulitangatanga zaidi. Nyuzi zake za parafujo, alizozikata kwa mkono, zilikuwa zimelegea kwa matumizi.

Wankyo aliandika yote kwenye daftari kwa kalamu ya wino, herufi zake zikiwa wima.

"Sasa mizigo," alisema.

Aliufunga mzigo wa Mhandisi, akaifundisha mashine kwamba hapo ndipo katikati. Kisha akakiunga kile kipande kilichozibwa mwisho, akaanza kuzungusha kifundo cha masafa ya mawimbi, polepole. Kitone kilianza kutembea juu ya ukingo wa duara kama ilivyopasa, kikizunguka, kikishuka upande wa kushoto. Kisha, kilipokuwa kikipanda upande wa kulia, kikaukanyaga mstari. Kikauvuka. Kikaenda nje ya duara, upana wa kidole kizima, katika giza la kioo ambako hakupaswi kuwa na kitu, kabla ya kurudi ndani.

"Rudia," alisema Mseti.

Alirudia. Kitone kilitoka nje tena, mahali palepale.

"Mwangwi umezidi sauti," alisema Mseti polepole.

Wankyo aliufungua ule mzigo, akaufunga wake. Vidole vyake vilikuwa na jasho, ikambidi avifute kwenye sketi. Alizungusha kifundo. Kitone kilitembea juu ya ukingo, kushoto, chini, kikaanza kupanda kulia. Kitone kilipita mahali pale pabaya kikiwa juu ya mstari, kikauzunguka mzingo wote wa duara na kurudi kilikoanzia, bila kutoka nje hata mara moja.

Mhandisi aliuchukua mzigo wake wa dhahabu, akautazama ndani kwa lenzi. "Kijiti cha katikati kimerudi nyuma," alisema mwishoni. "Kidogo mno, jicho tupu halikioni. Umeangushwa. Melini, au bandarini, au mimi mwenyewe kwenye mashimo ya njia ya Bunda." Aliuweka mezani. "Cheti hakikusema uongo. Kilisema kweli ya siku ile."

Kisha akanyoosha mkono. "Hongera, Ndugu Wankyo. Seti yako imeshinda."

Ilikuwa ndiyo sentensi aliyoitamani kwa miaka miwili. Ingekuwa rahisi kuipokea. Mtu mwenye njaa haulizi ugali umepikwa na nani. Nyuma yao mafundi wenzake wa karakana, wale wa "heleni," walikuwa wamesogea wakaanza kupiga makofi. Wankyo alilitazama daftari lake, safu mbili za tarakimu zilizokuwa zikitangatanga, alizoziandika kwa mkono wake.

"Hapana," alisema. "Haijashinda."

Makofi yalikatika.

"Kizibo chako ni bora kuliko changu. Uwazi wako ni bora zaidi, tena kwa mbali. Mzigo wangu ni bora kuliko wako. Andika hivyo. Tukienda Butiama na seti yangu nzima, tutakosea kidogo. Tukienda na yako nzima, tutakosea sana. Twende na viwili vyako na kimoja changu."

Mseti alimtazama, na macho yake yakawa na kitu ambacho hakikuwapo alipokuwa akisifu kazi ya mikono. "Huko nilikosoma," alisema, "niliona watu wakificha safu kama hizo ili washinde."

"Hata mimi nilifikiria," alisema Wankyo. Na alipolisema hilo alishangaa kuona kwamba halikumpunguza. Kifua chake kilikuwa kimejaa, lakini si kwa ile hewa ya juzi, iliyohitaji mtu mwingine ashindwe ndipo ipate nafasi.

Aliuchukua mzigo wake, akauweka ndani ya sanduku la mahameli, katika tundu la tatu. Haukukaa vizuri, ulikuwa mnene kidogo. Mseti aliung'oa uzi wa mahameli kwa kucha ili upate nafasi.

*

Walifika Butiama saa saba mchana siku hiyohiyo. Habari ilikuwa imetangulia, haijulikani kwa njia gani, na watu walikuwa wamekaa chini ya kilima, wanaume kwa wanawake, wengi wao wakiwa wale sitini. Mzee Burito alikuwa amevaa koti.

Wankyo ndiye aliyefunga vyuma, na Mhandisi ndiye aliyezungusha vifundo. Kebo ilipoungwa, kitone kilikimbilia katikati. Mseti alitoka mlangoni mwenyewe, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kebo ni nzima. Mliibeba vizuri. Nilikosea, nami naomba radhi."

Shangwe iliyopanda pale iliwafanya ng'ombe wa mbali wainue vichwa. Kinamama walipiga vigelegele. Mzee Burito hakushangilia. Alikaa juu ya jiwe ghafla, kama mtu aliyekatwa kamba iliyokuwa ikimshikilia, akainamisha uso ndani ya kofia yake.

Wankyo alikuwa amebaki mbele ya kioo. Kitone kilikuwa katikati, ndiyo, lakini hakikutulia. Masafa yalipobadilika kilichora kiduara kidogo, kidogo mno, kama inzi anayezunguka tone la asali. Kwa seti ya Mhandisi kasoro hiyo isingeonekana katika ule uongo mkubwa. Kwa seti yake nzima angedhani ni ulegevu wa uwazi wake. Sasa ilionekana waziwazi. Alihesabu viduara, akazidisha, akagawanya pembeni mwa ukurasa. Mita mia na ishirini. Kiungo cha tatu.

Hakuhitaji kuuliza nani alikiunga. Viungo vilikuwa vinne. Viwili vilifanywa na mafundi wa Mwanza, cha nne alikifanya yeye mwenyewe kwa raha asubuhi ya siku ya mwisho. Cha tatu alikifanya jioni ya siku ya tatu, mikono ikitetemeka kwa uchovu, watu wakimngoja washuke.

Mseti alirudi ndani akicheka. Aliinama nyuma ya bega lake, akaona. "Aa, hicho ni kidogo," alisema. "Kipo ndani ya kiwango. Kiwango kinaruhusu mara mbili ya hapo."

"Ni kiungo cha tatu."

"Nitakiandika kwenye ripoti kama kasoro inayovumilika. Itabidi niweke jina la aliyekiunga, ni utaratibu tu."

Mzee Burito, aliyekuwa amesimama tena mlangoni, alisikia. Hakujua viwango, lakini alijua kinachowapata watu ambao majina yao huandikwa karibu na neno kasoro. "Niandike mimi," alisema. "Mimi ndiye nilikuwaga msimamizi. Binti huyu ana miaka mingi ya kazi mbele yake."

"Mzee, asante," alisema Wankyo. "Lakini hukukiunga wewe." Akamgeukia Mhandisi. "Andika Wankyo Masatu. Halafu usipeleke ripoti kwanza. Napanda kukirudia."

"Kiwango kinaruhusu," alisema tena Mseti, kwa upole.

"Kiwango kinaruhusu leo. Masika hayajakisoma."

Walipanda wote watatu, pamoja na vijana wawili waliobeba jiko la kuchomea. Kiungo kilikuwa kati ya mawe mawili, kimefungwa kwa utepe mweusi. Wankyo alipiga magoti, akaukata utepe, akakifungua. Ndani, mahali ambapo risasi haikushika ukingo mmoja, palikuwa na tone la maji, moja tu, safi kama la umande, na kando yake shaba ilikuwa imeanza kuota kijani.

Aliwaonyesha. Mseti alichutama, akalitazama lile tone kwa muda, kisha akashika mwisho mmoja wa kebo kwa mikono yake miwili, suruali yake nzuri ikiwa mavumbini, ili Wankyo apate kuukata ulio mbovu. Alikata, akakwangua, akasafisha, akachoma. Hakuharakisha. Jua lilikuwa mgongoni na ziwa lilionekana kwa mbali kama bamba la bati, na mikono yake, iliyokuwa imetetemeka jioni ile, haikutetemeka. Alipomaliza aliuzungusha utepe mara tatu, akakikandamiza kiungo kwa kiganja, akakaa nacho hivyo kitambo kama mtu anayempima mtoto homa.

"Sasa andika," alimwambia Mseti. "Kiungo cha tatu kimerudiwa na aliyekiunga."

Mhandisi aliandika palepale, daftari likiwa juu ya goti. Kisha akaongeza mstari mwingine, akamgeuzia ausome. Ulisema kwamba mzigo uliotumika katika vipimo vile ulitengenezwa Musoma, na kwamba anaomba Shirika limwagize fundi huyo atengeneze mingine sita, kwa ajili ya kanda nyingine. Katika nafasi ya mthibitishaji alikuwa ametia sahihi yake mwenyewe.

"Sita?" aliuliza Wankyo.

"Na nyuzi za parafujo usikate kwa mkono tena. Nitakutafutia mashine."

*

Simu ya kwanza ilipigwa saa kumi. Wankyo aliinua chombo cha kuzungumzia, akazungusha mpini, na kutoka Bunda sauti ya mpokea simu, binti aitwaye Nyamburi, ikaja safi, bila mkoromo, karibu mno hata akageuka nyuma. Mhandisi alisema maneno ya kikazi, tarehe na saa. Kisha akampa Mzee Burito chombo, kwa heshima, kwa mikono miwili.

Mzee Burito hakuwa na mtu wa kumpigia. Hakuwa na ndugu Bunda mwenye simu, wala hakuwa amefikiria kwamba ingefika zamu yake. Alikisogeza kile chombo sikioni. Kisha akafanya kile ambacho mtu wa makamo yake hufanya akikutana na mtu njiani: akamsalimu. Aliuliza habari za nyumbani, habari za watoto, habari za ng'ombe, habari za pamba. Nyamburi, aliyelelewa vyema na watu wa Nyasura, palepale Bunda, alijibu zote moja baada ya nyingine, akauliza zake. Mzee aliuliza kama hospitali ya pale ni mbali na alipoketi. Alijibiwa kwamba si mbali, na kwamba hospitali nayo ina simu.

"Ina simu," alirudia Mzee Burito, si kwa Nyamburi. "Haya. Haya, binti yangu."

Mseti alitazama saa yake, akamtazama Wankyo. Jaribio lilikuwa limekwisha. Betri zilipaswa kutunzwa. Nje, foleni ilikuwa imejipanga bila kuamriwa na mtu, kuanzia mlangoni hadi kwenye mawe ya kwanza ya kilima, kila mmoja wa wale sitini, na wengine ambao hawakubeba kitu. Wankyo alitikisa kichwa, na Mhandisi akairudisha saa ndani ya mkono wa shati.

Aliyefuata alikuwa bibi mmoja aitwaye Boke, ambaye mabega yake mawili bado yalikuwa na alama ya kebo. Alipewa chombo. Alikitazama tundu kwa tundu, akakikumbatia kifuani, akamwangalia Wankyo.

"Mwanangu, nimwambie nini mtu nisiyemwona?"

"Lolote, bibi. Atakusikia."

Boke alifikiri. Akakinyanyua kile chombo hadi mdomoni, akasimama wima, akavuta pumzi, na kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa foleni akalitaja jina lake, na la baba yake, na la babu yake, kisha akanyamaza, akisikiliza.